Aliyetoa Mstari wa Kwanza: Maisha ya Odessa Mae Tolliver, 1951–2025

Wachungaji, mashemasi, mama wa kanisa, majirani wa Pell Crossing na ninyi mliosafiri tangu alfajiri: familia za Tolliver na Pruitt zinawashukuru kwa kufika kanisani Bethabara leo, Jumamosi, tarehe 1 Machi 2025. Kabla hatujamrudisha mama yetu kwenye udongo wa Hadley, tunaomba mkae nasi kidogo tumwangalie tena tangu mwanzo wake. Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wake. Kila neno lililomo limesomwa kwanza na binti yake, Verlene, naye ameagiza lisipunguzwe hata moja.

Marehemu Odessa Mae alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha pamba cha zamani, hapa Pell Crossing, Kaunti ya Hadley. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Shemasi Rufus Pruitt na mkewe, Alzada. Aliyempokea duniani ni bibi yake mzaa baba, Lovie Pruitt, mkunga aliyezalisha sehemu kubwa ya watu waliolala katika makaburi haya tunayokwenda. Bibi Lovie alikuwa na mwiko mmoja ambao wazee bado wanaukumbuka. Katika chumba cha mwanamke anayejifungua, kitu chochote hakikuruhusiwa kubaki kimefungwa. Nywele zilifumuliwa. Kamba za aproni zililegezwa. Hata mume aliyekaa barazani aliambiwa afungue kamba za viatu. Odessa alipofika umri wa kutembea na bibi yake, kazi yake ilikuwa hiyo: kuzunguka nyumba nzima akifungua mafundo. Alipenda kusimulia jinsi alivyomfungulia mzee mmoja mkanda wa suruali bila kumwomba ruhusa, suruali ikashuka mbele ya mchungaji.

Baadaye jimbo liliacha kutoa vibali kwa wakunga wa vijijini, na Bibi Lovie akatundika mkoba wake msumarini. Odessa hakuusahau ule mwiko.

Alisoma shule ya watoto weusi ya Pell Crossing, ya chumba kimoja na jiko la kuni, kisha Sekondari ya Dunmore, alikohitimu Mei 1969. Alitamani kusomea uuguzi. Mama yake alipatwa na kiharusi kiangazi hicho hicho, na Odessa akabaki nyumbani kumhudumia hadi alipofariki. Hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu, ingawa kila alipopita mbele ya chuo cha wauguzi alipunguza mwendo wa gari.

Elimu yake nyingine aliipata katika benchi za kanisa hili. Vijana labda hawajui kwamba Bethabara iliwahi kuimba bila vitabu. Shemasi mmoja alisimama mbele akatoa mstari, na kusanyiko likaupokea polepole, likiuvuta kama watu wanaovuta kamba nzito, hadi yeye akatoa mwingine. Anayetoa alikuwa Shemasi Rufus, baba yake. Jumapili moja mwaka 1964, baada ya kufanyiwa upasuaji wa koo, alisimama mahali pake, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Kanisa lilingoja. Wakati huo wanawake hawakuongoza nyimbo za namna hiyo. Kutoka benchi la nyuma msichana wa miaka kumi na mitatu akautoa mstari, na watu wakaupokea kabla hawajakumbuka kwamba haikubaliki.

Baada ya ibada Shemasi Isom Battle alimzuia mlangoni.

"Wewe msichana, nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Shemasi. Wimbo ulikuwa unakufa."

"Haya. Basi Jumapili ijayo ukae mbele, tukuone vizuri ukituaibisha."

Alikaa mbele kwa miaka sitini.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Clement Tolliver, fundi wa kinu cha mbao, mtu mpole aliyependa kuvua kambare na aliyekuwa na sauti mbaya kuliko zote katika kaunti hii. Odessa alimpa sharti kabla ya kukubali posa. "Clem, nitakuwa mkeo," alimwambia, "ila kanisani wewe tembeza midomo tu." Clem aliishika ahadi hiyo kwa miaka thelathini na saba, kila Jumapili, akitembeza midomo kwa moyo wake wote karibu na mkewe, bila kutoa sauti. Wawili hao walijaliwa watoto wawili, Harlan mwaka 1974 na Verlene mwaka 1979. Clem alifariki tarehe 14 Oktoba 2009. Jumapili iliyofuata Odessa alikuja kanisani, akakaa mahali pake, na hakuweza kutoa mstari. Alisema alikuwa anasikiliza ule ukimya wa pembeni, na ulikuwa umebadilika.

Kuanzia Agosti 1975 hadi alipostaafu mwaka 2012, marehemu aliendesha basi la shule la wilaya. Wengi wenu hapa mliwahi kulipanda. Mnajua kwamba hakupiga kelele. Aliwatazama watoto kwenye kioo, na kama kuna aliyesimama, yeye alisimamisha basi pembeni ya barabara.

"Ukisimama, nami nasimama," alisema. "Tukisimama wote, tutafika shule kesho. Mimi sina haraka. Nina sandwichi."

Aliwabeba watoto weusi na weupe, wa wenye mashamba na wa wafanyakazi wa mashambani, na kila mmoja alimwita Bi Odessa. Wengine sasa ni walimu. Wengine ni manaibu wa sherifu, askari wa kaunti. Mmoja ni seneta wa jimbo, naye yuko nasi leo, benchi la tatu. Tutamfikia.

Sasa nimefika mahali ambapo, kwa miaka ishirini na mitatu, familia hii imekuwa ikinyamaza. Verlene ameniruhusu niseme.

Mwezi Oktoba 2001, Verlene akiwa na miaka ishirini na miwili na mimba ya miezi minane, alisimamishwa barabarani na askari. Leseni yake ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya wito wa mahakama uliotumwa kwenye anwani aliyokwisha hama. Aliwekwa katika jela ya kaunti kungojea siku ya kesi. Jumatatu, tarehe 5 Novemba, uchungu ulimshika akiwa mahabusu. Walimpeleka hospitali, wakamlaza, na wakamfunga kifundo cha mguu wa kushoto na mkono mmoja kwenye kitanda kwa mnyororo. Naibu wa sherifu, kijana, alipangiwa kukaa chumbani.

Marehemu alipata habari akiwa amemaliza kushusha watoto shuleni. Alikwenda moja kwa moja na basi, akaliegesha likachukua nafasi ya magari manne. Mlangoni alikutana na yule naibu.

"Mama, huruhusiwi kuingia."

"Huyo ni mwanangu."

"Huyo ni mfungwa, mama."

"Sawa. Mimi nitabaki hapa nje. Ila mfungue mguu. Hakimbii huyo, mwanangu. Anazaa."

"Ndiyo kanuni. Sikuitunga mimi."

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Marehemu alisimama pale akafanya jambo pekee alilolijua. Alitoa mstari. Kutoka kitandani Verlene akaupokea, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, na mama yake akatoa mwingine.

"Mama, tafadhali," naibu alisema. "Hapa si kanisani."

"Najua, mwanangu. Kanisani tungekuwa tumekwisha mfungua."

Yule kijana hakumfukuza. Hakumfungua Verlene pia. Mtoto alizaliwa alasiri, wa kike, mzima. Verlene hakuweza kugeuka upande wowote kumkumbatia mpaka mnyororo ulipoongezwa urefu. Siku ya pili alirudishwa jela na mtoto akakabidhiwa kwa bibi yake, aliyemwita Lovie, jina la yule mkunga. Wiki tatu baadaye kesi ilifutwa kwa dakika chache. Verlene ana kovu kifundoni hadi leo. Hakuzaa tena, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba hataki tena kulala katika kitanda cha namna ile.

Mtoto huyo ndiye anayewasomea.

Kwa miaka mingi hapakuwa na la kufanya zaidi ya kulea. Kisha, masika ya mwaka 2013, mwanasheria kijana alikuja kutoka mji mkuu kuzungumza na wanawake wa kanisa katika ukumbi wetu wa chini, baada ya chakula cha samaki cha Ijumaa. Alizungumza kuhusu haki ya uzazi, na kuhusu wanawake wanaofungwa minyororo wakijifungua katika jela za jimbo letu. Alizungumza vizuri. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Hiyo haki ina mswada bungeni?"

"Bado, mama. Tunahamasisha kwanza."

"Basi leo umekuja kula samaki tu," marehemu alimwambia. "Kula, mwanangu, ushibe. Kesho tuandike."

Na waliandika. Marehemu hakupenda maneno makubwa. Alipoulizwa haki ya uzazi ni nini, alijibu kwamba ni mwanamke kuzaa anapotaka, asizae asipotaka, na amlee aliyemzaa bila kuogopa. Kisha aliongeza kwamba bibi yake alikwisha lijua hilo, na kwamba bibi yake aliliita kufungua mafundo.

Lakini kwanza ilimpasa kuzungumza na binti yake. Walikuwa jikoni wakimenya viazi vitamu.

"Mama, usinipeleke kule," Verlene alisema. "Mimi si mfano wa kuonyesha watu. Sitaki wale wanaume wanitazame mguu."

"Sitakupeleka."

"Wala usinitaje."

"Sitakutaja jina. Nitasema mwanamke mmoja."

"Wakikubana?"

"Mimi niliendesha basi la watoto sitini miaka thelathini na saba. Nani wa kunibana?"

Verlene alicheka. Ndivyo makubaliano yalivyofungwa, na ndilo fundo pekee ambalo marehemu hakulifungua kamwe.

Kikao cha kwanza kilikuwa Februari 2014, mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Wanawake wa Bethabara walikwenda kwa gari la kanisa, wamevaa nguo nyeupe na kofia za Jumapili, na marehemu akashika usukani. Kila shahidi alipewa dakika mbili. Marehemu alianza kuzungumza, na alizungumza kwa namna aliyojifunza akiwa mtoto, mstari mmoja mmoja, akiacha nafasi. Sasa, mtu wa Bethabara akiachiwa nafasi hufanya nini? Alipofika kwenye mnyororo, Dada Icie Bell Gaines akasema, "Amina." Alipofika kwenye mlango, wengine watatu wakasema, "Sema, Dada." Alipofika kwa mtoto, benchi zima liliitikia, na Dada Gaines akasimama akijipepea kwa kipepeo chake.

Mwenyekiti aligonga nyundo. Alionya. Waliitikia onyo pia, kwa mazoea. Akaamuru ukumbi uondolewe watu, na mswada ukaahirishwa. Mwaka huo haukurudi tena.

Njiani kurudi, walikuwa wamekwisha vuka mpaka wa kaunti.

"Mimi nilisema Amina moja tu," Dada Gaines alisema hatimaye.

"Icie Bell, Amina yako moja ni ya watu kumi," alijibiwa kutoka nyuma.

"Kwani nilimjibu yeye? Nilimjibu Mungu."

"Mungu hayumo kwenye kamati hiyo, Dada. Nimeangalia majina."

Marehemu ndiye aliyecheka kwanza. Kisha aliegesha gari pembeni, kama alivyofanya zamani kwa watoto, akageuka. "Sikilizeni," alisema. "Tumefukuzwa kwa kusema Amina. Wale watu hawajui kwamba tunawasaidia. Wanadhani tunawapigia kelele. Basi tutajifunza kunyamaza, na itatuuma, lakini tutajifunza."

Majira yote ya baridi yaliyofuata walijifunza kunyamaza katika ukumbi wa chini. Marehemu alisimama mbele akahubiri maneno matamu kabisa aliyoweza kuyatunga, na aliyeitikia aliosha vyombo. Dada Gaines aliosha vyombo mpaka Krismasi. Ndipo marehemu alipowaletea peremende, zile nyeupe zenye mistari myekundu ambazo kila mama wa kanisa huwa nazo katika mkoba kwa ajili ya watoto wasinziao. "Weka mdomoni," aliwaambia. "Usiitafune. Ukitaka kusema Amina, inyonye." Tangu hapo hawakwenda bungeni bila peremende. Karani wa kamati alituambia kwamba aliweza kujua wanawake wa Hadley wamefika hata yeye akiwa amefumba macho, kwa harufu tu.

Zile dakika mbili nazo marehemu alizipatia dawa. Mwaka 2015 alisimama, akaanza habari ya mwanamke mmoja, na mwenyekiti alipotangaza kwamba muda wake umekwisha, alikomea katikati ya sentensi na kuketi bila ubishi. Aliyefuata katika orodha alikuwa Dada Gaines. Alisimama, akataja jina lake na kijiji chake, akarudia maneno ya mwisho ya marehemu, na kuendelea kutoka pale. Baada yake alisimama mwingine. Wanawake watano walitoa habari moja, kila mmoja akipokea mstari kutoka kwa mwenzake, na hakuna kanuni ya bunge iliyovunjwa. Wajumbe waliacha kutazama simu zao.

Lakini mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata tena, swali lilirudi lile lile. Huyo mwanamke yuko wapi? Kwa nini hafiki? Mjumbe mmoja alisema, kwa adabu, kwamba labda hayupo. Verlene wakati huo alikuwa nje katika maegesho, ndani ya gari la kanisa. Alikuwa akimsindikiza mama yake kila mara, na kila mara alibaki garini.

Mheshimiwa Dwight Langdale, seneta wa eneo letu, alikuwa katika kamati hiyo. Siku moja alimfuata marehemu ukumbini, Dada Gaines akiwa pembeni, na ndiyo maana tunayajua yaliyosemwa.

"Bi Odessa, nataka kukusaidia. Ila nipe jina. Hata kwa siri. Bila jina nitawaambia nini wenzangu?"

"Dwight, unakumbuka kilichokupata kwenye basi langu ulipokuwa darasa la tatu?"

Seneta aliona haya. "Nakumbuka, Bi Odessa."

"Umewahi kumsikia mtu yeyote akikisimulia?"

"Hapana, Bi Odessa."

"Basi waambie wenzako hivyo. Waambie huyu mama akiahidi kunyamaza, ananyamaza. Kwa hiyo akisema jambo limetokea, limetokea."

Seneta Langdale aliupigia mswada kura ya ndiyo, na alizungumza na wengine. Hadi leo hatujui kilichompata darasa la tatu, na hatutamwuliza.

Sheria ilipita Aprili 2018. Wanawake walishikana mikono kwenye ngazi za bunge na kulia, na safari hiyo waliruhusiwa kusema walichotaka. Marehemu hakuwa nao. Alikuwa amekwenda kwenye gari. Siku chache kabla ya kura ya mwisho, chama cha masherifu kilikuwa kimeomba maneno machache yaondolewe, nayo yaliondolewa. Sheria iliwalinda wanawake walio katika magereza ya jimbo. Jela za kaunti hazikuguswa.

Dada Gaines alimfuata. "Odessa, njoo upigwe picha. Tumeshinda."

"Icie Bell, mwanamke wetu alikuwa jela ya wapi?"

Dada Gaines aliingia garini, akakaa naye. Verlene, aliyekuwa kiti cha dereva, alisema, "Mama, imetosha. Umewafungua wengi." Marehemu alijibu kwamba ni kweli, na anamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Baadaye akasema, "Ila wewe bado umelala pale."

Mwaka uliofuata alianza upya, na mswada mwingine, wa jela za kaunti. Ulikufa katika kamati mwaka 2019. Mwaka 2020 bunge lilifungwa kwa sababu ya korona. Ulikufa tena mwaka 2022, na mwaka 2023.

Mnamo Septemba 2021 figo za marehemu zilishindwa kazi, naye akaanza kusafishwa damu kwa mashine, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alivumilia bila kulalamika, isipokuwa kuhusu chakula. Kukatazwa viazi vitamu kulimuudhi kuliko sindano. Alimshukuru Mungu kwamba kamati hukutana Jumanne. Mwezi Januari mwaka huu kikao cha mswada kilipangwa Jumanne, tarehe 21, kisha jioni ya kuamkia siku hiyo kikasogezwa hadi Jumatano. Tulimsihi aende kwenye mashine. "Mashine itaningoja," alisema. "Kamati haingoji mtu." Alikwenda, akakaa katika kiti cha mbele tangu asubuhi, peremende mdomoni. Alasiri mwenyekiti alitangaza kwamba muda hautoshi na kwamba mswada utasikilizwa siku nyingine. Usiku maji yalijaa mapafuni, na alfajiri ya Alhamisi alilazwa.

Hakupona. Moyo wake ulikuwa umechoka. Wiki mbili baadaye aliomba arudishwe nyumbani, tukamweka katika chumba cha mbele, panapoonekana barabara, na mabasi ya shule yakawa yanapunguza mwendo yakipita.

Jioni moja Verlene aliketi kando ya kitanda. Barua ya kamati ilikuwa imefika: mswada utasikilizwa Jumanne, tarehe 4 Machi.

"Mama, mstari wa kwanza nitautoa mimi."

Marehemu alikuwa na sauti ndogo sana. "Hulazimiki."

"Najua. Miaka yote hiyo hukunilazimisha. Ndiyo maana naweza."

"Watakutazama mguu."

"Watautazama. Nitawaonyesha."

Marehemu akanyoosha mkono kwenye meza ndogo, akachukua peremende, akamtia binti yake kiganjani. "Wewe usiile," alisema. "Wewe ndiye wa kusema. Wape wengine."

Alhamisi, tarehe 20 Februari 2025, asubuhi, pumzi zake zilianza kuja kwa nadra. Wauguzi walikuwa wametuambia kwamba saa yake ikifika tutajua, na tulijua. Verlene aliinuka. Alimfungulia mama yake kilemba, akalegeza utepe wa gauni. Kisha alianza kuzunguka nyumba. Alifungua vifungo vya mapazia, akafungua kamba ya aproni iliyotundikwa jikoni. Alipiga magoti mbele ya Harlan, kaka yake, akamfungulia kamba za viatu, na baada yake akatufungulia sisi wote. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini. Alipomaliza alirudi kitandani, akamshika mama yake mkono, na mama akaondoka.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, ndugu zake watano na mumewe, Clement. Ameacha mwana mmoja, Harlan, na mkewe, Bernadine. Binti mmoja, Verlene. Wajukuu wanne, Curtis, Denita, Rufus na Lovie. Kitukuu mmoja, Josiah. Dada mmoja, Eulalie Pruitt Sims. Rafiki yake wa miaka sitini na mitano, Dada Icie Bell Gaines. Na watoto wa basi, ambao hatukuweza kuwahesabu.

Ninalo jambo moja la mwisho kwa wanawake wa Bethabara. Mlipoingia asubuhi hii mlikuta bakuli la peremende mlangoni, na nimeona kwamba wengi mmechukua, kwa mazoea, na mmekaa hapa tangu nianze kusoma mkiwa mmefunga midomo kama alivyowafundisha. Jumanne tutazihitaji. Gari la kanisa litaondoka hapa saa kumi na moja alfajiri. Verlene Tolliver ataketi katika kiti cha mbele, atataja jina lake na kaunti yake, na atatoa mstari wa kwanza. Dakika zake mbili zikiisha, ninyi mtaupokea.

Lakini leo si Jumanne, na hapa hakuna mwenyekiti wa kutufukuza. Zitoeni mdomoni. Mmenyamaza bungeni kwa ajili yake miaka kumi na moja, na kule hakupata tena kuzisikia Amina zenu.

Odessa Mae Tolliver amelala, na hakuna kilichofungwa juu yake. Apumzike kwa amani.

Itikieni.